Mkono wa Nizar

Kikohozi ndicho kilichomwambia Mize kwamba Nizar keshafika. Alikuwa anamwaga unga kwenye mashine ya kukandia, na vumbi limetanda hadi taa zimefifia. Feni ya kuvuta vumbi ilikufa tangu kabla ya Ramadhani. Craig, supavaiza wao, kila akiulizwa husema fundi yuko njiani. Na fundi mwenyewe, kwa alivyochelewa, labda anakuja kiwandani hapa Smithfield kwa miguu kutoka Perth, ng'ambo ya pili ya nchi.

"Sabalkheri, binti yangu," Nizar akasema. Akavuta dawa yake ya pumu, akaitia mfukoni, akaanza kukata madonge.

Mzee huyu wa Hama, Syria, ndiye aliyewafundisha nusu ya kiwanda kuoka mikate bapa. Mize, mzaliwa wa Wete, Pemba, anampenda alivyompenda baba yake, na pengine zaidi kidogo, maana huyu ana utani. Huzungumza kwa Kiarabu alichojifunza Mize chuo cha Kurani, wakikichanganya na Kiingereza. Nizar humwambia kwamba akiomba chumvi tu, mtu hudhani khatibu kapanda mimbari.

Siku hiyo walikuwa wanamchagua mwakilishi wa wafanyakazi wa mambo ya usalama. Sheria inamruhusu mwakilishi kusimamisha kazi penye hatari, na Nizar ndiye aliyelipendekeza jina la Mize. Akishinda, feni itatengenezwa au mashine itazimwa. Daktari alishamwambia mzee kwamba mapafu yake hayatauvumilia mwaka mwingine katika vumbi lile, na kwa umri wake kazi nyingine haipati.

Craig naye alikuwa na mtu wake: Zephania, kijana wa Mwanza anayesoma chuo na kupakia mikate. Kijana akamfuata Mize kwenye rafu.

"Shikamoo, da Mize. Nisamehe bure. Mimi hii kitu sikuiomba. Craig kanijia tu, 'Mate, you're it.' Nikikataa atanikata shift, na mambo ya visa yangu unayajua."

"Marahaba. Kwani nimekununia?"

"Hujaninunia, ila leo sijaona sambusa."

Mize akacheka, akamwonyesha mfuko. Sambusa zake zilikuwamo. Hasira alikuwa nayo, lakini si ya kijana huyu.

Wakati wa mapumziko Craig aliwakusanya kwenye chumba cha chai. Hakuleta karatasi wala sanduku. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Quick one, guys. Hands up for Zeph."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Nizar. Ulipanda umenyooka, Craig hajafunga mdomo. Wengine walipoona aliyempendekeza Mize ndiye kageuka, wakatazamana, nao wakainua. Zephania akainua wake nusu, akajifanya anajikuna sikio. Mize aliihesabu mikono. Iliuma, tena sana.

Nizar akautazama mkono wake, akaushusha kwa kuuvuta kwa ule wa pili.

Mize alimkuta nyuma, amekaa kwenye magunia, machozi yanachora njia kwenye unga usoni.

"Tangu shule ya msingi," mzee akasema. "Mtu wa serikali akisimama mlangoni akataja jina, unainua mkono. Anayechelewa anaandikwa. Kaka yangu alichelewa, hatukumwona tena. Mtawala wetu amekimbia nchi, Mize. Disemba ile habari ilipofika, mimi na wewe tulicheza hapa hapa tukaangusha trei. Amekimbia, na mkono wangu bado unamwogopa."

"Mzee wangu, mimi nimekulia kwenye chaguzi za magari ya askari. Nitakununia kwa mkono?" Akamfuta uso kwa upindo wa mtandio. "Jifute vizuri, umekuwa donge, Craig asije akakutia tanurini."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukatika upesi.

Gulay, Mturuki wa kwenye tanuri, alikuwa akisikiliza. Kila uchaguzi wa kwao Gulay hupanga foleni kwenye ubalozi mdogo, anayempigia kura hushindwa, hurudi kazini macho mekundu, na uchaguzi ukija hupanga tena.

"Mikono si uchaguzi," akasema. "Tudai karatasi."

Akaenda akazima tanuri. Craig akaja mbio, magari ya mikate yanangoja nje. Gulay akamwambia karatasi kwanza, moto baadaye. Craig akamgeukia Zephania, akitaraji msaada. Kijana akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba hata yeye anataka karatasi. Mize akaona hakukosea kumpenda kijana huyu.

Magari yakazidi kupiga honi, Craig akakubali, na bati la mkate likageuzwa sanduku la kura. Wakapita mmoja mmoja, karatasi zimekunjwa. Craig alisimama karibu na bati kuliko ilivyompasa.

Nizar alikuwa wa mwisho. Alipofika mbele ya Craig akasita, akaikunjua karatasi yake, akaishika wazi mbele ya uso wa supavaiza. Ndivyo walivyofundishwa kwao: kumwonyesha askari kwanza, ndipo uitumbukize. Mize aliona ni ule ule mkono, akatamani kumkimbilia.

"No need, mate," Craig akasema, uso umemwiva. "It's secret."

"Najua ni siri," Nizar akamjibu, na hakuishusha mpaka Craig alipolisoma jina la Mize lote.