Pandikizi na Ufunguo wa Mshonaji

Tangu mshonaji wa nyumba ya pili aibiwe cherehani, fundi vitasa alimtazama mwanawe kwa jicho la pembeni. Mlango haukuvunjwa. Mwizi alifungua kwa ufunguo na alipoondoka akafunga tena, mstaarabu wa ajabu. Na mtaa mzima ulichongewa funguo na kibanda kimoja tu chenye mafundi wawili, baba na mwana. Baba alijijua hana hatia. Aliyebaki ndiye aliyemnyima usingizi.

Mwana akiimba, baba alijiuliza ana furaha gani. Akinyamaza, ndiyo mbaya zaidi. Akivaa shati jipya, limetoka wapi?

Kilichomuuma ni kwamba dume zima hili lenye ndevu lililelewa na Pandikizi. Pandikizi hakuwahi kuishi. Alikuwa bawabu wa lango la mji usiokuwepo, na fundi alimtunga mwenyewe pale mkewe alipofariki akamwachia mtoto asiyetaka kula. Kila tonge lilikuja na kisa, kila kisa na funzo lake. Mwanaume haongopi. Mwanaume hamwinulii mkono aliye dhaifu. Mwanaume akikabidhiwa mlango wa mtu, amekabidhiwa roho yake. Hadi leo fundi aliwasimulia wateja visa hivyo, wapende wasipende.

Siku hiyo uvumilivu ukamwishia. Akaweka tupa chini.

"Ufunguo wa mshonaji, uliuchonga wewe?"

Mwana aliendelea kusugua kitasa kilichokwisha takata.

"Pandikizi angejibu," baba akasema.

"Kuna siku Pandikizi hakujibu, baba."

Maneno hayo yalimkata maini. Basi ni yeye. Asingekuwa yeye angekana. Akamwambia avue aproni, aache ufunguo wa kibanda mezani, aende zake. Mwana akavua aproni, akaikunja vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hilo nalo baba akalitilia shaka.

Kabla hajavuka kizingiti, mshonaji akaingia. Alikuwa akifagia chini ya ngazi yake akaokota ufunguo usio wake, akaujaribu, na mlango wake ukaukubali. Hakumtuhumu mtu, alitaka tu fundi autazame.

Fundi aliupokea kwa hamu, akijua sasa ana ushahidi mkononi. Kidole gumba kikapita kwenye kichwa cha ufunguo, kikateleza. Kingo zote zilikuwa zimepigwa tupa zikawa laini, ili ufunguo usitoboe mfuko. Mwanawe hakuwa na subira hiyo hata siku moja. Walishagombana juu ya jambo hilo mara chungu nzima. Kibandani humo aliyelainisha kingo alikuwa mmoja tu.

Ndipo akamkumbuka mgeni mwenye adabu aliyekuja kibandani siku chache kabla ya wizi, akamwita mzee wangu, akavuta kiti, akaomba asimuliwe habari za Pandikizi. Fundi alisimulia mpaka jasho likamtoka, mikono ikichonga yenyewe. Ilichonga kwa kufuata alama ya ufunguo iliyogandamizwa kwenye kipande cha sabuni, kazi ambayo yeye mwenyewe aliipiga marufuku, maana mwenye mlango haji na sabuni, huja na ufunguo wake. Mwanawe aliingia mgeni akitoka.

Na akakikumbuka kisa alichosahau. Bawabu mzee aliyemfundisha Pandikizi kazi alilala langoni, wezi wakapita, na Pandikizi akakubali kufungwa bila kufumbua mdomo. Mwanaume hamwaniki hadharani aliyemfundisha kazi.

"Uliiona sabuni?" akamuuliza mwanawe.

"Niliitupa."

Aibu ilimshika fundi. Katika miaka yote ya kutunga, hakuwahi kumtungia funzo lolote yule mzee aliyelala. Akampa mshonaji kiti, mwenyewe akabaki amesimama.

"Ufunguo huu ni wa mkono wangu," akamwambia.

Kisha akaichukua aproni, akaikunjua, akamnyooshea mwanawe. Mwana hakuipokea mara moja.