Benchi la Kumi na Nne

Jumamosi baada ya misa ya mwisho, paroko alifungua milango ya kanisa ili kila familia ichukue benchi lake, kabla mnunuzi wa jengo hilo hajaleta mitambo yake ya kutengenezea jibini. Ludivine Thivierge alijua anachotaka: benchi la kumi na nne, na hasa ubao wake wa kupigia magoti. Marehemu mumewe, Réal, aliuchimba vishimo viwili kwa yale magoti yake mazito. Mengine wauze, hata mnara.

Wapwa zake walilitoa benchi hadi uani, kwenye theluji. Ludivine akainama kuchungulia. Ubao ulikuwapo, lakini haukuwa na kishimo hata kimoja.

Kumbe miaka arobaini na sita hakuwahi kulifikiria jambo dogo kama hili: ubao wako wa kupigia magoti haumo kwenye benchi lako, umefungwa nyuma ya benchi lililo mbele yako. Na la mbele, la kumi na tatu, lilikuwa tayari juu ya gari la Gaétan Ouellet, mwanamume aliyefiwa na mkewe, asiyejua salamu zaidi ya kutikisa kichwa.

"Gaétan, shusha hilo benchi!"

"Mgongo wangu umekwisha, mama. Nilishushe kwa nini?"

"Umebeba magoti ya mume wangu."

Gaétan akachungulia chini, akapiga mluzi, kisha akaangua kicheko. "Ala! Basi kijiji kizima kimeibiana magoti!"

Uani kote watu wakaanza kupindua mabenchi, huku wakiitana kwa majina na kuchekana.

Gaétan akatafuta spana, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kufungua nati. Ludivine akamshukuru, akamshukuru tena.

"Hebu acha," akasema Gaétan bila kuinua uso. "Rose-Aimée wangu alipofariki, niliapa sikanyagi kanisani humo tena. Jumapili moja nikaja, sijui kwa nini. Réal wako akaimba nyuma yangu, kwa sauti yake ile mbovu."

"Mbovu kweli," Ludivine akakubali.

"Nikalia. Akaniwekea mkono begani mpaka wimbo ukaisha. Hukuona?"

Hakuona. Siku zote alisali amefumba macho, na Réal hakuwahi kumwambia. Alidhani amekwisha kumjua mumewe kikamilifu, na leo, miaka sita baada ya kumzika, ameongezewa kipande chake kingine. Alishukuru kimoyomoyo.

"Nikawa naja kila Jumapili kwa ajili ya mkono ule," akasema Gaétan. "Na sikumwambia asante. Mpaka tukamzika."

Akamkabidhi ubao. Ludivine akaupakata kama mtoto.

"Niambie mimi," akasema. "Nitamfikishia."

Gaétan akavua kofia.

"Asante, Réal."