Tuta la Mke Mwenza

Mama Mboga alikuwa na mdomo, tena wa kuuzia. Mteja akibisha bei ya fungu la mchicha, anachambwa papo hapo: "Majani yaliyoshiba namna hii utayapata wapi wewe? Haya, nenda kanunue nyasi!" Na kweli bustani yake ilishamiri. Kila mvua zikikatika alishuka na koleo kwenye mfereji uliopita nyuma ya karakana ya betri kuukuu, akachota tope jeusi na kulimwaga kwenye matuta. Mbolea ya bure, nani aiache?

Mjukuu wake wa kike aliyekuwa akimlea alipoanza kupauka na kulia tumbo, muuguzi alisema damu imepungua, apewe mboga za majani kwa wingi. Loo, bibi alifurahi huyo! Dawa si ipo nyumbani? Alitenga tuta zima kando ya mfereji, akalizidishia tope, na jani lake moja haliuzwi. "Hili la mke mwenzangu," aliwatania wateja. "Atakayeligusa tutakosana."

Mtoto hakupona. Alinyong'onyea, hata maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Bibi, masikini, akamwongezea mboga.

Bwana shamba alikuwa amepita kuchukua udongo wa bustani za kando ya mfereji akaupime. Siku aliporudi na majibu, hakukubali hata kukaa. "Mama, karakana ile inamwaga madini ya risasi mferejini. Ni sumu, na imeingia mpaka kwenye majani. Matuta ya juu yana nafuu. Hili la huku chini ndilo baya kupita yote. Wanaokula hapa ni akina nani?"

Mama Mboga aligeuka kulitazama tuta la mke mwenza. Wapita njia aliwauzia yenye nafuu, sumu kali akaiweka kwa ajili ya damu yake mwenyewe.

Binti yake, mama wa mtoto, alikuja akamkimbiza mwanawe hospitali. Walirudi jioni, mtoto amelala begani. Daktari alikuwa amesema sumu ataipunguza, ila akili iliyokwisha kuharibika hawezi kuahidi kwamba itarudi.

"Mama," binti aliuliza, bila hata kupandisha sauti, "ulikuwa unampa kila siku?"



"Kila siku, mwanangu. Akikataa, nilimbana pua."