Tope Kwenye Jiwe la Daraja

Kamba ilinitoka mkononi. Binti yangu Luzmila alikuwa anashuka kilima na wanafunzi wa uhandisi kutoka mji wa Cusco, kofia nyeupe ngumu kichwani.

Kwa miaka mitatu nilijua anasomea uuguzi, na bonde zima nililitangazia. Uhandisi nilimkataza mwenyewe: "Wahandisi ndio waliotuletea lile daraja la chuma kule juu, watu wakalidharau letu la nyasi. Hutakuwa mmoja wao huku unakula viazi vyangu."

Siku hiyo tulikuwa tunasuka daraja la nyasi. Kila mwezi wa sita tunalikata la zamani linaangukia mtoni, tunavuta kamba mpya, nene kama paja la mtu. Mkuu wa kazi ni mimi, kama baba yangu. Wanawake husokota kamba nyembamba kule mbali. Mwanamke akisogea ukingoni wakati wa kuvuta, kamba hukatika. Tumekua tunajua hivyo.

"Shemeji Casimiro," Fortunato, kaka wa mke wangu, akapaza sauti, "kumbe siku hizi wauguzi wanatibu madaraja?"

Wanaume wakaangua kicheko.

Luzmila hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la kufungia kamba, akapiga magoti, akachokonoa kwa kidole.

"Baba, wasimamishe."

"Toka hapo! Umerukwa na akili?"

"Jiwe limepasuka. Kuna mtu kaupaka ufa tope. Wakivuta tu, mjomba na wenzake wanakwenda mtoni."

"Mnamsikia?" alisema Fortunato. "Kakanyaga ukingo, sasa anatutakia vifo. Mtoe, shemeji, tuvute!"

Wanaume arobaini, kamba mikononi, wakanigeukia.

Tope lile nililipaka mimi. Mwaka jana niliuona ufa, mwembamba kama uzi. Nikaupa sadaka ya majani ya koka, nikaumwagia chicha, pombe yetu ya mahindi, nikaupaka tope, kama baba alivyofanya kwa kila ufa. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Huyu mtoto kaugundua kabla sijameza mate.

"Nililipaka mimi," nikasema.

Fortunato akaweka kamba chini polepole.

"Shemeji, mwaka jana nilikaa juu ya kamba iliyofungwa kwenye jiwe hilo kutwa nzima. Nasuka."

"Najua."

Nikachukua mtaimbo, nikaligonga jiwe mara moja tu. Likagawanyika. Nusu yake ikabingirika bondeni, tukaisikia ikigonga na kugonga hadi majini. Hakuna aliyekuwa amevuta kamba yoyote.

Nilikaa chini.

"Na uuguzi?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuingia hilo darasa, baba. Hata siku moja."

Akachomoa utepe wa kupimia, akaninyooshea ncha.

"Bado umenikataza?"

Nikaishika ile ncha.

"Pima," nikasema. "Ukimaliza, pima na jiwe la ng'ambo. Na lile nalo nililipaka."