Sufuria za Mama Funguo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi alikuwa na miezi minne ugenini, na hakuna aliyempa jembe wala ufagio. Mwanawe, fundi bomba, aliondoka alfajiri na mfuko wake wa spana. Mkewe akaondoka naye kwenda kupiga pasi mashuka katika kiwanda cha kufulia. Wajukuu, mapacha wa kike wenye mapengo, wakaenda shule na kurudi wakiongea lugha ya huko kama kasuku. Bibi akabaki na dirisha. Mwanamke aliyelima, akazaa, akazika, akapandisha bei sokoni na kuishusha apendavyo, sasa kazi yake ilikuwa kutazama mbwa waliovishwa makoti wakipitishwa barabarani. Aliona aibu kwa niaba ya mbwa.

Nyumba haikuwa yao. Walipanga vyumba viwili vya nyuma kwa mjane mmoja, na jiko na sebule wakatumia pamoja naye. Bibi alimpachika jina la Mama Funguo, kwa sababu ya shada la funguo alilolivaa shingoni usiku na mchana. Kabla ya kumpata walizunguka mji mzima. Wenye nyumba walichungulia, wakaona watoto wawili, wakaona na kikongwe nyuma yao, wakakumbuka ghafla kwamba vyumba vimeshachukuliwa. Mama Funguo peke yake aliwatazama wote, akamtazama Bibi zaidi, kisha akasogea pembeni wapite.

Ndiyo maana fundi bomba alikuwa na wimbo mmoja kila asubuhi. "Mama, tafadhali. Usiguse kitu usichokijua. Tukiharibu hapa hatuna pengine pa kwenda."

"Nimeharibu nini mimi?"

"Bado hujaharibu. Ndiyo nakuomba." Na kwa kuwa hakuweza kuiacha kazi yake kazini, aliongeza, "Na kwenye sinki usimwage mchanga wala makapi. Mabomba ya nyumba hii ni ya zamani, membamba kama mrija wa soda. Yakiziba, lawama ni yetu."

Wale wanawake wawili hawakuwa na lugha moja, lakini hilo halikuwazuia kuzungumza. Kila asubuhi walikaa kwenye meza ya jikoni na chai, Mama Funguo akisema ya kwake, Bibi ya kwake, na kila mmoja akijibu alichoona kinafaa. Siku moja Mama Funguo alimpeleka sebuleni, akamwonyesha picha iliyokaa kwenye rafu juu ya meko ya kuotea moto: mwanamume mwenye masharubu, amekunja uso kana kwamba mpiga picha anamdai. Akaweka kiganja kifuani, akafumba macho. Bibi akaelewa. Naye akaleta picha ya mumewe. Huyo alizikwa nyuma ya nyumba kule walikotoka, na kidogo kaburi lake limzuie Bibi asipande ndege. "Nani atampalilia?" aliuliza uwanjani, mbele ya watu wote na mizigo yao. Mwanawe akabeba begi lake, akaongoza njia.

Basi Mama Funguo akapata safari ya kwenda kumtazama binti yake mji wa pili. Siku ya kuondoka alivua shada la funguo, akamvika Bibi shingoni, akampigapiga begani. Gari lilipoondoka, Bibi alisimama kwenye kizingiti na funguo zile kifuani, machozi yakimlengalenga. Miezi minne hakuna aliyemwamini hata kuvuka barabara, na leo kakabidhiwa nyumba nzima. Mtu akikufanyia hivyo, unamlipa nini?

Jibu alikuwa nalo siku nyingi, ila alikosa ruhusa. Sufuria.

Sufuria za Mama Funguo zilikuwa nyeusi kwa nje, na kwa ndani zilikuwa na historia. Kikaango kilikuwa na masizi magumu kama gamba la kobe. Birika nalo lilimtia Bibi huzuni kila akimiminiwa chai. Aliwahi kulijaribu kwa siri na kile kisponji cha dukani, lakini sponji na masizi walibembelezana tu kama wachumba. Pale palihitajika majivu. Kwao Bibi alijulikana mtaa mzima kwa sufuria zinazong'aa, na siri ilikuwa majivu makavu, tone la sabuni, kipande cha gunia na mkono usio na huruma. Lakini nyumba inayopikia umeme, majivu utayatoa wapi? Na meko ya sebuleni haikuwa imewashwa kwa miaka mingi.

Siku ya pili, akifuta vumbi sebuleni, alinyanyua kopo moja la chuma, zuri, zito, lenye mfuniko, lililokaa kwenye rafu kati ya saa na picha ya mwenye masharubu. Mfuniko ulikuwa umelegea kidogo. Akachungulia.

Majivu! Meupe, makavu, laini kama yaliyochekechwa, yenye chembechembe ngumu kidogo, ambazo kwa masizi ni dawa tosha. Bibi alicheka peke yake, akaketi kabisa kitini ili acheke vizuri.

"Kumbe mwenzangu!" akamwambia Mama Funguo asiyekuwapo. "Na wewe unaweka akiba!"

Alibeba vyombo vyote uani, akavuta kigoda, akakunja mikono ya gauni. Alisugua asubuhi ile yote. Alisugua sufuria kubwa na ndogo, kikaango, mifuniko, na birika ndani na nje. Aliimba. Maji machafu hakuyamwaga kwenye sinki, maana mwanawe alishaonya. Aliyamwaga pale ambapo mtu mwenye akili humwaga maji ya vyombo, kwenye shina la mti. Uani palikuwa na mti mmoja tu wa matunda, nusu umekauka, wala haukuonekana kukataa. Alipomaliza, alipanga vyombo juani kifudifudi, na jirani aliyepita aliziba macho kwa mwanga.

Mama Funguo alirudi alasiri ya siku iliyofuata. Alipoingia jikoni alipiga yowe, na Bibi akaruka, kabla hajaona kwamba yule mama anacheka. Alishika sufuria, akajitazama kwenye kitako chake, akajitengeneza nywele. Akamkumbatia Bibi, akambusu shavu hili na lile. Papo hapo akateka maji kwenye birika jipya lile la zamani, akapika chai. Wakanywa kikombe cha kwanza, wakanywa cha pili.

Mkwe wa Bibi akatoka kazini akawakuta katika raha hiyo, akavuta kiti. Yeye ndiye aliyekuwa amejifunza lugha ya huko vizuri kuliko wote, maana kwenye kupiga pasi watu husengenya, na umbea ni mwalimu mzuri. Fundi bomba naye akaingia, akaona mama mwenye nyumba anacheka na mama yake, akashusha pumzi ya mwaka mzima.

"Mama, anauliza umetumia dawa gani," mkwe akasema huku akijimiminia chai.

"Dawa gani! Mwambie ni majivu. Tena ya kwake mwenyewe."

"Majivu gani?"

"Yale ya akiba, kwenye kopo, pale juu ya meko." Bibi akanyoosha kidole kuelekea sebuleni. "Mwambie sikuyamaliza, nimembakizia kidogo."

Kikombe cha mkwe kilikwama njiani. Alikirudisha mezani polepole, kama kinachoweza kulipuka.

"Mama. Sema tena."

"Nirudie nini? Tafsiri, mwenzio anasubiri."

"Sitafsiri."

"Una nini wewe?"

Mama Funguo alikuwa bado anatabasamu, akiwatazama kwa zamu. Kisha macho yake yakafuata kidole cha Bibi, ambacho kilikuwa bado hewani, mpaka mlango wa sebule, mpaka rafu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliisha kidogo kidogo. Alinyanyuka, akaenda, akalichukua lile kopo kwa mikono miwili kama alivyozoea, na mikono ikapanda juu upesi mno, kwa sababu kopo lilikuwa jepesi.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alipita mbele yao amelikumbatia, akaingia chumbani kwake, na wakasikia komeo.

"Kuna nini?" Bibi akauliza. "Majivu ndiyo ya kununiana?"

Mkwe alikuwa ameshika kichwa. "Mama, yale si majivu ya kuni. Huku wengine mtu akifa hawamziki. Wanamchoma, na yale majivu wanapewa wenyewe wakakae nayo. Lile kopo ni mumewe."

Bibi alimtazama mkwe, akitafuta usoni mwake dalili ya utani. Hakuiona. Habari za watu kuchomwa alikuwa amezisikia, za mbali huko; lakini mtu kumweka mumewe sebuleni, kando ya saa, bila hata kumwambia mgeni! Akaitazama mikono yake. Akazitazama sufuria, zimepangwa ukutani zinamng'alia kwa furaha. Akakitazama kikombe chake, akakisukuma mbali.

"Nimesugua vyombo kwa majivu ya mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemfuta mtu kwenye kikaango." Akaipangusa mikono kwenye gauni. "Na nilikuwa naimba."

Fundi bomba alikuwa amegeuka rangi. "Tumekwisha," alisema. "Leo tumekwisha." Halafu, kwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa hukimbilia anachokijua, akachomoa spana, akajilaza sakafuni, akaingiza kichwa chini ya sinki. "Labda amenasa kwenye kona ya bomba. Nikifungua hapa nitampata."

"Toka huko," Bibi akasema.

"Mama, nikimpata hata nusu..."

"Toka, nakwambia! Si wewe uliyekataza sinki? Nilimwaga kwenye mti."

Alipolisema neno hilo, alisimama.

Alikwenda mpaka kwenye mlango uliokomewa. Maneno hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, ni yapi ya kusema jambo kama hilo? Alivua funguo shingoni, maana alikuwa bado amezivaa, akazitundika kwenye kitasa. Zililia kidogo. Huko nyuma mwanawe alifumba macho. Alijua maana ya kurudisha funguo. Bibi akasimama pale pale akisubiri, na alisimama muda mrefu, mpaka komeo likafunguliwa.

Mama Funguo alikuwa na macho mekundu. Bibi hakungoja amtazame vibaya, alimshika mkono kama unavyomshika mfiwa, akamtoa nje kupitia jikoni, mkwe akiwafuata nyuma. Wakafika kwenye mti. Udongo pale shinani ulikuwa bado na weupe wa majivu, umekauka kwa mabaka. Bibi akaonyesha. Akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu, taratibu, kwa mpango, kuanzia kichwani kwenda miguuni, kama alivyokuwa akimpalilia wake kila Jumamosi kabla ya kuhama.

"Mwambie hajapotea," alisema bila kuinua uso. "Mwambie yuko hapa. Mwambie mimi ni mjinga, lakini si mwizi wa maiti. Nitampalilia, hata wakitufukuza nitakuja kumpalilia."

Mkwe alitafsiri. Mama Funguo aliutazama ule weupe wa udongo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Bibi akajua sasa kilio kimefika, akainuka ampokee. Yule mama akasema kitu, akashindwa kukimaliza, akakirudia.

"Anasemaje?"

Mkwe alisita, kana kwamba hakuyaamini masikio yake. "Anasema, miaka yote ya ndoa yao, marehemu hakuwahi kuosha hata kijiko."

Bibi alimkodolea macho. Mama Funguo alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye mti, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio cha kweli sasa, na Bibi akamshika huku naye analia, na ukiuliza nani alikuwa anambembeleza nani, hata mkwe asingekujibu. Walipotulia, Mama Funguo alikwenda ndani, akatoka na kopo na lile shada la funguo, akamimina mwenyewe yale yaliyobaki, pale kwenye mti. Akavaa funguo zake. Akafungua mmoja kwenye shada, wa mlango wa uani, akamwekea Bibi kiganjani, akakifunga kiganja. Kisha akasema jambo lingine.

"Anaomba birika lioshwe tena," mkwe akatafsiri. "Kwa sabuni."

Jioni walikaa kwenye chakula na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufunua sufuria. Fundi bomba alikuwa bado na vumbi la chini ya sinki kwenye nywele. Bibi alikuwa ameshika ule ufunguo, akiugeuza na kuugeuza mkononi, mpaka mwanawe akaogopa.

"Mama, uko sawa?"

"Nisikilize vizuri," Bibi akasema. "Siku yangu ikifika, kama ni huku huku, mimi msinichome."

"Hatuwezi, mama."

"Na ikibidi mnichome, basi msisugue sufuria kwa majivu yangu. Nimezisugua mwenyewe za kutosha."