Mafuta ya Utosini

Mikono yangu inajulikana Mtoni Kijichi nzima. Mtoto mchanga akikataa kunyonya au akilia bila sababu, naitwa mimi. Namchua kwa mafuta ya nazi, namnyoosha viungo, namsugua utosi, na siku ya tatu analala fofofo. Nasema hivi ili ujue kiburi changu kilianzia wapi.

Mjukuu wangu Shamimu alikuwa na miaka kumi na moja alipoanza kuyumba. Vikombe vikawa vinamponyoka, maneno yanamtoka mazito. Walimu wakasema ni mvivu. Majirani, ambao midomo yao haina likizo, wakasema amechezewa. Mama yake, binti yangu Mwanabaraka, hakumsikiliza mtu. Alimzungusha hospitali hii na ile mpaka damu ya mtoto ikapelekwa kupimwa nje ya nchi.

Majibu yalipokuja tulikwenda wote watatu. Daktari Flaviana akatueleza polepole kwamba mwili wa Shamimu unakosa vitamini E, na ubongo unaharibika kwa kuikosa.

"Hii vitamini inakaa kwenye mafuta, mama. Mtu akiila inaingia tumboni, ini linaipakia kwa mbebaji wake, damu inaisafirisha. Sasa ubongo una ukuta, haupitishi kila kitu. Hii inapenya kidogo kidogo tu. Kwa Shamimu, yule mbebaji wa kwenye ini ndiye mbovu. Kwa hiyo atameza nyingi, kila siku, akishakula, maisha yake yote. Akimeza, miguu tunaiokoa. Asipomeza, itakwenda na haitarudi."

Akatoa vidonge. Nikavitambua palepale. Ni vile laini, mafuta ndani, ambavyo wasichana wa mtaani kwetu wanavitoboa kwa pini na kujipaka usoni.

Mwanabaraka anapika kantini ya kiwandani. Anatoka alfajiri, anarudi jua limezama. Vidonge akaniachia mimi.

"Mama, asubuhi na mchana, akishakula. Na mambo yako ya kuchuachua sitaki. Nikikukuta na mafuta yako kwa mwanangu, utaenda kukaa kwa kaka Mbwana."

Iliniuma. Yeye mwenyewe amekulia kwenye mikono hii.

Siku tano za mwanzo nilimmezesha. Akawa anacheua mafuta, chakula hataki. Hapo nikaanza kufikiri, na laiti nisingefikiri. Daktari mwenyewe kasema dawa imo kwenye mafuta. Kasema inatakiwa ubongoni. Sasa tumbo la nini? Ya nini kuzungushwa kote huko, mara ini, mara mbebaji mbovu, mara ukuta, wakati utosi huu hapa? Nikachukua pini.

Kila siku mama yake akishaondoka nilimlaza mkekani, kichwa mapajani mwangu, nikatoboa vidonge na kumsugua utosini, shingoni, mpaka uti wa mgongo. Ngozi ikanywa yote. Nikajisemea, si unaona, yameingia.

"Mke mwenzangu," nilikuwa namtania, "mwaka huu utacheza mdundiko mpaka babu yako aone wivu huko aliko."

Alikuwa anacheka. Nywele zake zikapendeza kweli. Makopo ya vidonge yalikuwa yanaisha kwa wakati, na mama yake akanishukuru.

Miezi minane ikapita hivyo. Shamimu akaanza kushika ukuta akitembea, baadaye akawa ananishika mimi. Nikaongeza nguvu ya mikono.

Siku ya kurudi kliniki tulimbeba. Daktari akaangalia majibu ya damu, akayarudia tena.

"Vitamini karibu hakuna kabisa. Shamimu, vidonge unameza?"

Nilijua. Hakuna aliyenieleza, lakini nilijua. Nikafungua mdomo niseme.

"Nilikuwa navitema," Shamimu akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Bibi akigeuka, natema."

Mwanabaraka akamzaba kofi mbele ya daktari. Mtoto hakuweza kujizuia, akaanguka kutoka kwenye kiti. Daktari akamwinua na kumfokea mama yake, kisha akatuambia bila kuficha: aanze leo, mikono na macho huenda tukaviokoa, lakini kutembea peke yake tusimdanganye mtoto. Na mimi, mdomo wangu bado wazi, nikaomba maji ya kunywa.

Sasa Mwanabaraka anammezesha mwenyewe kabla hajatoka, na tena usiku akirudi. Anamfunua kinywa, anapitisha kidole chini ya ulimi, anamwita muongo. Shamimu anameza tu.

Siku ya nne nikashindwa. Mama yake alipoondoka nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, nisamehe mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekuua miguu, leo akirudi namwambia yote.

Akanikamata mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Usiseme, Bibi. Mama atakufukuza. Nani atanipeleka chooni?"

Machozi yakanijia, lakini hakuningoja. Alikuwa amebanwa. Nikamwinua, nikampeleka.