Mgeni Kwenye Folda ya Mama Lusia

Nilikuwa nachambua karanga mbele ya kompyuta, mikono yote miwili kwenye ungo, nilipoona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini. Ulikwenda taratibu, ukafungua folda moja, ukaifunga, ukafungua nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa na jina la mama mkwe wangu.

Nilinyakua simu nikazima hotspot. Mshale ukasimama palepale.

Ndani ya folda ile mlikuwa na nyimbo kumi na mbili za Kikonongo, zile ambazo akina mama wa kwetu humwimbia bibi harusi wakiwa wamejifungia naye ndani. Mama Lusia na wenzake wawili waliniimbia nizirekodi zisipotee, kwa sharti moja: mwanaume asizisikie. Niliwaapia wote watatu.

Nikampigia Venant, fundi wa mjini, nikamweleza nilichoona.

"Dada Resti, kuna mtu ulimpa namba za kompyuta?"

Alikuwepo. Wiki iliyopita printa iligoma, na jamaa mmoja wa kundi letu la WhatsApp la wachapaji akajitolea kunisaidia. Akaniambia nipakue programu ya kumwingiza kwenye kompyuta yangu, nimsomee namba tisa zilizotokea kwenye skrini. Printa ikapona. Nilimshukuru sana, mtu ambaye sijawahi kumuona.

"Basi ulimwachia mlango wazi. Usiwashe hotspot. Nywila zako zote badilisha kwa simu, si kwa hiyo mashine. Nakuja."

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilimweleza yote.

"Huyo mwizi ni mwanaume?"

"Sauti ilikuwa ya kiume, mama."

"Na fundi?"

"Naye."

"Hagusi."

Venant alifika na pikipiki, akamkuta mama mkwe ameziba mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo nje."

"Mama, mashine iko ndani."

"Na wewe uko nje."

Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akakaa barazani akitazama barabara ya Misunkumilo, akawa ananielekeza kupitia dirishani, nami namsomea kila neno lililotokea kwenye skrini.

"Usiifute hiyo programu bado. Tafuta kumbukumbu zake, piga picha. Polisi watazihitaji kesho."

Akanyoosha shingo kidogo.

"Wewe!" mama mkwe alisema.

"Nafukuza nzi, mama."

Kumbukumbu zilionyesha kwamba yule mtu aliingia mara mbili. Mara ya kwanza, siku ya printa, hakuchukua kitu. Leo alichukua faili moja, wimbo wa nne.

Nilipiga picha. Venant akanipitishia flashi mpya dirishani, nikahamishia nyimbo zote humo, nikaifuta folda. Mama mkwe akaifunga flashi kwenye pindo la khanga yake, akavuta fundo kwa meno.

"Sasa aingie," alisema.

Venant akaingia kuisafisha mashine yote na kuipangia programu upya. Mimi nilikaa kitako.

"Wa nne ni upi?" mama mkwe aliniuliza.

Nikamtajia mstari wa kwanza sikioni.

"Huo ni wa Leticia. Vaa viatu."

"Mama, si tungoje kwanza polisi…"

"Polisi hukuwaapia."

Leticia, mmoja wa wale wawili walioimba na mama mkwe, alikuwa uani kwake anapepeta mahindi. Nilimtazama mama mkwe, naye akatazama kuku. Basi nikasema mwenyewe, tangu printa mpaka namba tisa.

Leticia alisikiliza, ungo umesimama mikononi.

"Anajua Kikonongo, huyo mwizi?"

"Sidhani, mama mdogo."

"Basi ameiba kelele!" Akacheka mpaka pumba zikaruka. "Tena siku ile nilikuwa na mafua."

Mama mkwe hakucheka.

"Kelele zetu," alisema.

Leticia akaweka ungo chini, akajipangusa mikono, akajifunga khanga kiunoni.

"Paskalia naye ulimwapia, na yuko shambani. Tumfuate hukohuko," akaniambia. "Ila utaanza kusema wewe, hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Usipunguze kitu."

Nikatangulia mbele yao.